Zawadi ya kadi ya mkopo si bei ya kitenge

Hapa Lubumbashi mtu aweza kuamini kwamba pointi za safari, yaani alama za kulipia tiketi au hoteli, anazozawadiwa mtu akifungua kadi ya mkopo huongezwa kwa kubembeleza, kama bei ya kitenge inavyoshushwa kwenye soko la Kenya, mtaa wa mji wetu. Imani hiyo inaeleweka, kwani kwetu bei ya kwanza si bei. Lakini Marekani, ambako kadi hizo ni nyingi, karani wa benki kwa kawaida hana uwezo wa kuongeza pointi; kinachoweza kusaidia ni kumwonyesha kwamba kadi ileile inatangazwa kwingine kwa zawadi kubwa zaidi, na hata hapo benki yaweza kukataa. Kwa hiyo linganisha matangazo, kisha usome masharti yenyewe: kiasi unachotakiwa kutumia kwa kadi ili upate zawadi, muda wake, ambao mara nyingi ni miezi 3, na ada ya mwaka. Pesa taslimu zinazotolewa kwenye mashine kwa kawaida hazihesabiwi katika kiasi hicho.