Rangi ya samaki itakudanganya

Mzamiaji akipanda chomboni, hata mtungi wa hewa hajavua, huanza kuniuliza: "Yule wa buluu mwenye njano ni nani?" Kwenye mwamba wa Mnemba kule Zanzibar, au ndani ya Ghuba ya Chole kule Mafia, maelezo hayo yanawafaa samaki wengi sana. Kazi yangu ni kuhesabu samaki chini ya maji, na rangi ndiyo naitazama mwisho.

Mchukue kitatange mkubwa, yule ambaye wanasayansi humwita Pomacanthus imperator. Mtoto wake ni wa buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, na ubavuni ana duara nyeupe, moja ndani ya nyingine. Akikua, duara zote hupotea. Huja mistari ya njano iliyolala kuelekea mkiani, na utepe mweusi kupita machoni. Zamani wataalamu walidhani hao ni samaki wa aina mbili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mkubwa hulinda eneo lake na kumfukuza anayefanana naye, kwa hiyo mtoto aliyevaa sare nyingine huachwa ale kwa amani.

Pono ndiye mtihani wenyewe, maana hakuna mbizi utakayopiga pwani hii usimwone. Yule wa kijani na buluu, mwenye waridi mashavuni, mara nyingi ni dume aliyekomaa. Wale wa kahawia au kijivu wanaomfuata kwa makundi wengi ni majike wa aina ileile, na katikati yao wamo madume wachache wenye rangi hizohizo za kufifia. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakageuka madume. Tulia kidogo, uache kupumua kwa kishindo, utamsikia akikwangua mwamba kwa mdomo wake ulio kama wa kasuku. Anatafuta mwani, na matumbawe anayoyasaga humtoka yakiwa mchanga. Usiku huwa amejibana kwenye ufa, na aina nyingine hujifunika kwa ute. Waliotuachia msemo wa kulala kama pono walimfahamu vizuri.

Chewa nao wengi huanza wakiwa majike. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi kwenye anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye mikono mingi inayowasha, wamepita njia ya kinyume: mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni mume wake. Jike akifa, mume hugeuka jike, na mdogo aliye chini yake hupanda cheo.

Halafu kuna maji yenyewe. Wekundu ndio hupotea mapema kadiri unavyoshuka, kwa hiyo samaki mwekundu aliyejificha chini ya jabali atakuonekea wa kijivu. Mmulike na tochi, utashangaa.

Mimi huanza na jinsi anavyoogelea. Pono hupiga makasia kwa mapezi ya kifuani na mkia hautumii sana, ila akikimbia. Kikande hupepea mapezi mawili, la mgongoni na la chini, huku mwili umenyooka. Kangaja mtazame penye shina la mkia, ana mwiba mkali kila upande. Mkundaji ana ndevu mbili kidevuni, anazitumia kupapasa mchangani. Baada ya hapo ni mahali: mbono hawatui chini, wako katikati ya maji wakila vijidudu vinavyoelea, changu utamkuta mpakani, mwamba unapokutana na mchanga, kolekole hupita upande wa kina mkondo ukiwa na nguvu.

Mdomo nao ni ushahidi mzuri. Yupo samaki mdogo mwembamba, mwenye mstari mweusi ubavuni, anayewasafisha wenzake kwa kuwatoa wadudu wanaowanyonya. Chewa mzima humfungulia kinywa. Yupo pia tapeli aliyefanana naye kwa rangi na hata kwa mwendo wa kuchezacheza, ambaye akisogea hunyofoa kipande cha pezi. Msafishaji wa kweli mdomo wake uko nchani kabisa mwa uso. Wa tapeli umerudi chini.

Haya si mambo ya kujionyesha tu. Kwenye mwamba unaovuliwa sana, samaki wakubwa ndio hutangulia kwisha, na kwa pono hao wakubwa ndio wenye rangi kali. Anayehesabu kwa rangi ataandika kwamba aina fulani imetoweka, kumbe imebaki, ila karibu wote ni majike. Mtu wa kuhifadhi anahitaji kujua tofauti hiyo, kwa sababu aina iliyotoweka na aina iliyopungukiwa madume ni matatizo mawili. Ndiyo maana kwenye kibao changu naandika aina, urefu na mahali, na rangi naiweka pembeni.

Samaki mmoja tu nakuomba umjue hata kama mengine yote utayasahau: kikande mkubwa, Balistoides viridescens, jike akiwa na mayai. Hulinda shimo lake mchangani, na eneo analolihesabu kuwa lake hupanuka kuelekea juu. Akisimamisha mwiba wa mgongoni na kukugeukia, usipande. Ukipanda unazidi kuingia kwake. Ondoka kwa kuogelea sambamba na mchanga, mapezi yako ya miguuni yakiwa upande wake. Anauma kwelikweli.