"Mimi mzima wa afya": askari, udhibiti wa habari na kile kikombe cha chai

Wiki hii nimesahihisha insha nyingine inayosema bango la Keep Calm and Carry On ("Tulia, uendelee") liliwatia Waingereza moyo London ilipokuwa inapigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Ya ngapi hii? Nimeacha kuhesabu. Bango lilichapwa 1939, nakala karibu milioni 2.5, likawekwa akiba kungojea siku mbaya. Siku mbaya zikaja, bango likabaki stoo. Nakala nyingi ziliishia kusagwa zitengenezwe karatasi upya, na hakuna aliyelikumbuka mpaka mwaka 2000, duka la vitabu vikuukuu mjini Alnwick lilipokuta moja ndani ya boksi. Kumbe ushahidi wenu wa ushujaa wa 1940 ni kikombe cha chai cha juzi chenye maneno hayo!

Sisemi watu hawakustahimili. Ninachokataa ni kusoma ukimya wa gazeti kana kwamba ni utulivu wa moyo. Machi 3, 1943, watu 173 walibanana wakafa kwenye ngazi za stesheni ya Bethnal Green, London, wakikimbilia kujificha. Magazeti yalitaja ajali, mahali hayakupataja. Ripoti ya uchunguzi ikafungiwa hadi 1945. Mkasi wa udhibiti wa habari huo.

Sasa mje kwa askari wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, mvua za masika ya huko zikiwanyeshea, malaria ikiwamaliza, matope yakimeza magari. Kwenye picha rasmi askari anacheka. Mzungu anyamaze, Mwafrika atabasamu: kila mmoja alishapangiwa uso wake.

"Lakini mwalimu, barua zao zinasema walikuwa salama!" Hapa ndipo ninapochoka. Barua ya Kiswahili huanzaje? "Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako." Huko ni kupiga hodi tu, si taarifa ya daktari. Anayetetemeka kwa homa ataandika hivyohivyo, kwa sababu kuanza na ugonjwa ni utovu wa adabu na ni kumtisha mama bure. Ongeza kwamba wengi hawakujua kuandika, wakamsimulia mwenzao, naye akijua ofisa ataifungua aikague. Kisha ofisa wa jeshi anayepima ari ya askari anakusanya hizo "mzima wa afya" na kuandika kwamba ari iko juu. Na sisi, miaka themanini baadaye, tunamnukuu.

Nikiri jambo. Sijui nikishaondoa adabu, mwandishi wa kuazima na udhibiti, kitabaki nini cha askari mwenyewe. Pengine baadhi yao kweli walikuwa wazima, wakicheka kwa sababu kulikuwa na cha kuchekesha, nami nawanyang'anya kicheko chao kwa ujuaji wangu. Siku nyingine naamini hivyo, siku nyingine hapana.

Mwaka niliolazwa kwa malaria nikiwa chuoni, nilimwandikia mama kutoka kitandani, dripu mkononi. Mstari wa kwanza mnaujua.