Vifungashio vya oda za mtandaoni: dhana zinazonichosha

"Nichoree kwanza, vipimo nitakuletea." Mimi mchoraji wa vifungashio hapa Kampala, Uganda, nimeyasikia haya kwa wauza vipodozi, kwa wauza viatu, kwa dada anayetuma vitenge Gulu, na juzi tena kwa kijana aliyekuja na picha ya boksi aliyoitoa Instagram. Leo niyamalize hapa, maana kumweleza mmoja mmoja sasa basi.

Wateja hudhani kifungashio ni picha, na boksi ni mahali pa kuibandika tu. Haya, tuchukue kopo la mafuta ya shea lenye kipenyo cha milimita 80. Mteja anaagiza boksi la milimita 85, anajiambia nafasi imebaki. Kadibodi ya mawimbi (ile yenye karatasi iliyokunjwakunjwa katikati) ya aina ya B ina unene wa milimita 3 hivi. Kuta mbili zinakula 6, ndani inabaki 79. Maboksi yameshachapwa na kukatwa, nembo inang'aa, kopo haliingii! Halafu lawama anabeba mchoraji. Ukinitajia kipimo, nitajie cha ndani. Tena bidhaa yenyewe niletee mezani niishike.

Akishaumwa hapo, anarudi na wazo jingine: "Basi tufanye kubwa, tuwe salama." Salama gani? Boda ikitoka Ntinda kwenda Entebbe, kila tuta kopo linapiga ukuta, kifuniko kinalegea. Shea ya kaskazini ni laini kwa asili, jua la mchana linaiyeyusha. Ikivuja, mafuta yanapenya kadibodi na nembo uliyolipia inageuka doa. Boksi lenye nafasi tupu pia hubonyea haraka likiwekwa chini ya mizigo ya watu kwenye buti ya basi la Arua. Na kama unatuma nje kwa ndege, kampuni nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5000, kisha zikakutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya jibu hilo la kilo na wa mizani. Boksi la 30 kwa 20 kwa 20 linahesabiwa kilo 2.4 hata ukiweka ndani kilo moja. Hewa nayo unailipia nauli.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya wachoraji hawalijui. Nguvu ya boksi iko kwenye mawimbi yanayosimama wima. Ukiyalaza ili uokoe karatasi, boksi linabaki zuri kwa macho lakini halibebi kitu juu yake. Ikija mvua ya Machi hadi Mei, kadibodi inanyonya unyevu na kulegea zaidi.

Kwa hiyo ninachoomba kila siku, na wachache hunisikiliza: tutengeneze kwanza boksi moja tupu, bila tone la wino. Weka bidhaa, funga, tikisa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, bado. Liangushe kwa kona kutoka kimo cha kifua. Mpe mtu wa boda alizungushe mjini na kulirudisha. Likirudi zima, ndipo tuongee rangi.

Tukija kwenye rangi, utaambiwa: "Itoke kama ilivyo kwenye simu." Haitatoka. Skrini inatoa mwanga, karatasi inauakisi tu, na wino wa CMYK (rangi nne za uchapaji) haukifikii kile kijani kinachowaka kwenye simu yako. Kwenye kadibodi ya kahawia ndiyo usiseme: wino hauzibi kilicho chini yake, njano inageuka haradali, na nyeupe haipo mpaka ichapwe kama rangi yake yenyewe. Ukipenda kahawia, chapa nyeusi peke yake, utulie.

"Nembo si nilikutumia WhatsApp?" Ulichonitumia ni picha iliyobanwa. Nataka faili la vekta (mchoro unaokuzwa bila kufifia), PDF au SVG, tena litume kama hati.

Wengine wanaamini huwezi kuwa na boksi lenye chapa yako bila kuagiza maelfu. Ni kweli kwamba kwenye ofseti (uchapaji wa mashine kubwa) gharama ya pleti, yaani bamba la kuchapia, na ya kisu cha kukatia umbo ni ileile, uchape 100 au 5,000, ndiyo maana ukichapa machache kila boksi linakuwa ghali. Lakini nani kakulazimisha ofseti? Nunua maboksi matupu, nenda Barabara ya Nasser uchongewe muhuri wa mpira (wa biashara yako, tafadhali, ya kughushi sitaki kuijua), ongeza stika. Kwa anayeanza, hiyo inatosha kabisa.

Unataka kufungia mzigo kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nyembamba "kwa kuwa hakuna anayeuliza"? Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki ya kubebea yenye unene wa mikroni 30 (milimita 0.03) kushuka chini. Jina la biashara yako ukiliandika juu yake, umejipeleka mwenyewe.

La mwisho, wauza simu na saa: mnataka picha ya bidhaa ijae boksi zima ili "ijitangaze njiani". Njiani inajitangaza kwa nani, jamani? Kwa wezi. Nje weka nembo ndogo. Picha na maneno matamu yakae ndani ya kifuniko. Mtu wa boda anahitaji jina, namba ya simu na mahali pa kushusha mzigo.