Maana ya kosa la mzunguko katika sensa ya injini

Kosa la mzunguko ni kumbukumbu ambayo kompyuta ya gari huiweka pindi volti zinazosomwa kwenye waya wa sensa (kifaa kinachopima hali ya injini, kama vile joto) zinapovuka mipaka isiyoweza kufikiwa injini ikiwa katika hali ya kawaida. Kumbukumbu hiyo hupewa namba, kwa mfano P0118 kwa sensa ya joto la maji ya injini, na wenye magari wengi wakishaiona kwenye mashine ya fundi huenda moja kwa moja duka la spea. Lakini mzunguko ni sensa pamoja na soketi yake, waya wa ishara, waya wa ethi (wa kurudishia umeme) na kompyuta yenyewe, na namba haisemi ni kipi kati ya hivyo kilichoharibika.

Ndani ya sensa ya joto la maji kuna kipande ambacho ukinzani wake (uzuiaji wa umeme, hupimwa kwa omu) hupungua kadiri joto linavyopanda: katika Toyota nyingi hukaribia omu 2,500 kwenye nyuzijoto 20, na omu 300 hivi kwenye nyuzijoto 80. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia kikinza kilichomo ndani yake, kisha hupima volti zilizobaki kwenye waya wa ishara. Injini ikiwa baridi volti huwa juu, ikipata moto hushuka. Waya ukikatika au soketi ikichomoka, volti hupanda hadi karibu 5, kompyuta hudhani kuna baridi kali kupita kiasi, na P0118 huandikwa. Waya wa ishara ukigusa bodi na kupiga shoti, volti hushuka karibu na sifuri na kosa huwa P0117.

Kwa hiyo fundi makini huigeuza tabia hiyo kuwa kipimo. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, huchomoa soketi ya sensa, na mashine ionyeshe nyuzijoto -40 au karibu na hapo. Kisha huunganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya mwembamba (mwembamba kweli, kwa maana pini zikishapanuliwa kwa misumari hazishiki tena), na joto linapaswa kuruka papo hapo hadi zaidi ya 120. Likiruka, nyaya na kompyuta ni nzima, na anayebaki kushukiwa ni sensa. Likigoma, huunganisha waya wa ishara na ethi ya betri: likiruka sasa, uliokatika ni waya wa ethi ya sensa, likigoma tena, ni waya wa ishara au kompyuta. Jaribio hili lisifanywe kwa kubahatisha kwenye sensa za nyaya tatu, kwa sababu mmoja wa nyaya hizo huleta volti 5 ambazo mara nyingi hutumiwa na sensa nyingine pia.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni ile isiyoandika P0117 wala P0118. Tuseme kutu ya kijani kwenye pini, ambayo ni kawaida kwa magari ya pwani, au kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, kimeongeza omu 700. Injini ikiwa baridi nyongeza hiyo humezwa na zile 2,500 na usomaji hupotoka kidogo tu. Injini ikifika nyuzijoto 80, omu 300 huwa 1,000, na kompyuta huamini kwamba maji yana nyuzijoto 45 hivi. Hapo huzidisha petroli, moshi mweusi huanza, feni inayotegemea sensa hiyo huchelewa kuwaka, na baadhi ya magari huandika P0128, kosa linalomwelekeza fundi kwenye thamostati (valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini) ambayo haina kosa lolote. Kuibaini, betri hufunguliwa, injini ikiwa bado ya moto, na ukinzani hupimwa mara mbili mfululizo kwa mita: kwanza kwenye soketi ya kompyuta iliyochomolewa, kisha kwenye pini za sensa yenyewe. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni ya nyaya na viungo vyake.