Dakio la mto ni nini? Tuutazame Msimbazi

Dakio ni eneo lote la ardhi ambalo maji yake ya mvua huishia kwenye mto mmoja. Mto wenyewe ni sehemu ndogo tu ya dakio. Kubwa zaidi ni mapaa, mashamba, viwanja vya mpira, barabara na mitaro. Unaweza kuishi mbali na mto, hata usiuone mwaka mzima, na bado ukawa ndani ya dakio lake.

Msimbazi wa Dar es Salaam ni mto mdogo, wa kilomita 35 hivi. Unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka hadi Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi penye mikoko karibu na daraja la Selander. Njiani unapokea Mto Ubungo na Mto Ng'ombe, ule unaopita Tandale. Mpaka wa dakio hauwekwi na wilaya wala mkoa, bali na miinuko: mvua inayoanguka upande mmoja wa mwinuko hushukia Msimbazi, ya upande wa pili inakwenda Mto Kizinga, kule Mbagala.

Sasa fanya hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Dakio la Msimbazi linakaribia kilomita za mraba 290, kwa hiyo mvua ya milimita 50 ni zaidi ya lita bilioni 14. Msitu na udongo uliolegea hunywa sehemu ya maji hayo. Bati na lami hazinywi kitu, na Dar imeezekwa bati na kumwagwa lami kwa kasi. Ndiyo maana Jangwani panaweza kufurika wakati wenyeji wa pale hawajaona mvua ya maana: imenyesha juu.

Jangwani penyewe ni tambarare, na bahari iko karibu. Maji yakifika pale hupunguza mwendo na kutua mchanga yalioubeba kutoka vilimani. Kina kinapungua, mto unatanuka, Barabara ya Morogoro inafungwa. Mvua ikigongana na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ndiyo balaa, kwa sababu bahari inayazuia maji yasitoke. Mchanga huchimbuliwa pale kwenye daraja la Jangwani, na masika yakija unarudi. Utaachaje kurudi wakati unatoka juu?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, ila inalinda kingo tu. Mwenye nyumba ya Kinyerezi aliye mita 800 kutoka mtoni, aliyesakafia ua wote kwa saruji, haimgusi, na maji ya ua wake yanafika Jangwani vilevile.