Taa ya Jiwe Haitengenezi Bustani ya Kijapani

Dhana: Weka taa ya jiwe, daraja jekundu na mianzi michache, kazi imekwisha.

Hayo ni mapambo. Taa za mawe zilikuwa za mahekaluni; ziliingia bustanini karne ya 16, mabingwa wa sherehe ya chai walipotaka wageni wao waione njia usiku. Sakuteiki, mwongozo wa bustani ulioandikwa Japani karne ya 11, unaanza na mawe, na agizo lake maarufu ni kufuata kile jiwe linachoomba. Likishasimama la kwanza, ndilo linaloamua la pili likae wapi. (Mianzi nayo, ile inayotambaa chini kwa chini, itakugombanisha na jirani.)

Dhana: Kanuni za bustani za Japani na China ni za wenye viwanja vikubwa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Bustani ya kokoto ya hekalu la Ryoan-ji, Kyoto, ina takriban meta za mraba 250. Haifiki uwanja wa mpira wa kikapu. Ina mawe 15, lakini kaa popote barazani, angalau moja litajificha nyuma ya mengine. Jicho likihisi kuna kilichofichwa huendelea kutafuta, na mahali padogo hapaishi upesi. Suzhou, China, kazi hiyo hufanywa na kuta, madirisha ya nakshi na vijia vya kupindapinda. Kisha kuna kuazima mandhari, jambo alilolisisitiza mbunifu wa bustani Mchina, Ji Cheng, katika kitabu chake cha miaka ya 1630: katika bustani ya Zhuozheng, Suzhou, unaona mnara wa hekalu uliopo mbali nje ya ukuta, miti ikiuzungushia fremu kana kwamba nao ni wa mwenye bustani. Haukumgharimu hata senti.

Dhana: Bustani ya kokoto haihitaji kazi.

Mwulize anayeokota majani na kupiga reki.

Dhana: Kutumia kanuni hizi leo ni kunakili ya kale.

Msanifu majengo I. M. Pei, ambaye ukoo wake uliwahi kumiliki bustani ya Shizilin mjini Suzhou, alijenga jumba la makumbusho la mji huo, lililofunguliwa 2006. Mbele ya ukuta mweupe alipanga mawe yaliyokatwa, yakaonekana kama milima iliyochorwa kwa wino kwenye karatasi. Na mwaka 1984, pale Harvard, msanifu mandhari Peter Walker alitandaza mawe 159 kwa duara, ukungu wa maji ukipanda katikati. Wanafunzi huyakalia. Taa ya jiwe hakuna hata moja.