Orodha ya vitu 43 na kitanda kilichobanduka rangi

Kuanzia maonesho ya Sabasaba hadi Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, ambayo huanza tarehe 1 Agosti, meza yetu ya malalamiko hapa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hutembelewa sana na wajawazito wa mimba ya kwanza. Mara nyingi huja na mama mkwe au dada, na simu mkononi yenye orodha. Mmoja alinionyesha orodha ya vitu 43 aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na 31 alikuwa ameshanunua. Alikuja kulalamika kwamba kitanda cha mtoto kimebanduka rangi hata kabla mtoto hajazaliwa.

Lalamiko lake lilikuwa halali na tulilipokea. Lakini kwenye ile orodha kulikuwa na mito mitano, chupa sita za kunyonyeshea na woka (kigari cha magurudumu cha mtoto), na kipimajoto hakikuwepo. Chandarua alichopewa kliniki alikuwa bado hajakitoa kwenye mfuko wake wa nailoni. Alisema anakitunza kwa ajili ya wageni.

Mimi ni mkaguzi wa bidhaa, si mkunga. Vitu vya kwenda navyo siku ya kujifungua, yaani khanga, pamba, mipira ya mikono na kadhalika, ulizia kituo chako, maana kila kituo kina maelekezo yake. Hapa nazungumzia vile mnavyonunua kwa hela yenu Kariakoo, kwa mafundi wa Keko, au kwa dada anayeuza mtandaoni.

Niruhusuni niseme kwanza kuhusu mito, kwa sababu nimechoka. Mtoto mchanga hahitaji mto. Alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mdoli, pasipo blanketi zito, pasipo yale mapambo ya sponji yanayofungwa kuzunguka kitanda kwa riboni. Marekani walipitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa sponji hizo mwaka 2022, kwa sababu mtoto anaweza kuzibwa pumzi pua ikigandamana nazo, na hana nguvu ya kugeuza shingo. Kuna na "mto wa kutengeneza kichwa", ule wenye shimo katikati. Kila nikimwambia mtu aurudishe dukani naambiwa bibi amesema kichwa kitakuwa bapa. Bibi namheshimu. Ila kichwa cha mtoto si chungu cha kufinyanga. Mgeuzeni upande anaoelekezwa kila mnapomlaza, na akiwa macho mwekeni kifudifudi kidogo huku mnamwangalia. Mkiona bado kuna shida, pelekeni kliniki.

Kitanda chenyewe si lazima. Mtoto anaweza kulala chumba cha wazazi kwenye sehemu yake, alimradi ni tambarare na hawezi kudondoka. Mkiamua kuchongesha, mwende kwa fundi na kopo tupu la soda. Likipita katikati ya fito, nafasi hiyo ni kubwa mno: kiwango kinachotumika sana duniani ni sentimita 6 tu, ili kiwiliwili kisipenye huku kichwa kikibaki juu. Ingizeni vidole viwili kati ya godoro na mbao. Vikiingia vyote na nafasi ikabaki, godoro ni dogo kwa kitanda hicho. Upande wa kushusha na kupandisha unapendeza, lakini ndoano zake hulegea, na vitanda vya namna hiyo haviruhusiwi kuuzwa Marekani tangu 2011. Mwambieni fundi agongomelee pande zote nne. Halafu aoneshe kopo la rangi aliyotumia, msiridhike na maneno. Kopo liwe limeandikwa kwamba rangi haina madini ya risasi, maana meno yakianza kuota mtoto ataguguna ule ukingo asubuhi hadi jioni.

Chandarua. Vile vya mwavuli, vyenye maua na kamba ya kukunjia, wauzaji wengi hawawezi kukuonesha popote palipoandikwa kwamba vina dawa. Cha kliniki kina dawa, na hutolewa bure kwa mjamzito. Wageni watajitafutia chao.

Nguo ni jambo jepesi. Nunueni chache, maana zile ndogo kabisa mtoto atazivaa wiki chache tu. Anayeishi Njombe au Lushoto aongeze sweta na kofia. Wa Dar es Salaam asimfungie mtoto kwenye blanketi la manyoya mwezi wa kumi na mbili. Mitumba ya watoto inaruhusiwa, fueni kwa sabuni na mpige pasi mishono yote. Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kuingizwa nchini, za mtoto au za mkubwa, na hili tumelisema miaka mingi. Poda acheni, vumbi lake linaingia kwenye mapafu. Kipimajoto nunueni cha kidijitali duka la dawa, msikubali cha kioo chenye zebaki.

Nafika kwenye chupa, na hapa nitachukua nafasi kidogo. Chupa na chuchu za plastiki si bidhaa za kawaida kisheria. Tanzania ina kanuni za mwaka 2013 zinazosimamia uuzaji wa vyakula na bidhaa maalumu kwa watoto wachanga na wadogo, zikifuata msimamo uliopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 1981. Msingi wake ni kwamba maziwa ya kopo, chupa na chuchu hazitangazwi kwa umma. Hazitolewi sampuli za bure kwa mama. Haziuzwi kwa mtindo wa "nunua mbili upate moja". Kopo la maziwa ya mtoto mchanga halipambwi kwa picha ya mtoto mnene anayecheka. Kwa hiyo ukiona bango la namna hiyo dukani, au muuzaji wa mtandaoni anakupa chupa kama zawadi ya kununua pampasi, huo si ukarimu, ni ukiukwaji. Usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamia kwetu TBS mwaka 2019, kwa hiyo msipeleke malalamiko ya maziwa kwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wao wapelekeeni ya kipimajoto.

Sisemi anayetumia chupa ni mama mbaya. Wapo wenye sababu za kitabibu, na wapo wanaorudi kazini siku 84 za likizo zikiisha. Ila maziwa yaliyokamuliwa yananywewa vizuri kwa kikombe kidogo, na kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chuchu yenye mikunjo. Chupa sita kabla ya uchungu kuanza, hapana.

Woka, kile kigari cha magurudumu, Kanada wamekipiga marufuku tangu 2004. Sisi huku tuna sababu ya ziada: jiko la mkaa liko sakafuni. Mtoto aliye kwenye magurudumu analifikia kabla hujaweka sufuria chini. Na midoli ya kuimba ikaguliwe sehemu ya betri, ifungwe kwa skrubu. Betri bapa kama kitufe ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Wenye gari: kiti cha mtoto cha mtumba kina tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye plastiki, chini au mgongoni, na kile kinachoelekea nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag).

Sasa imani mbili zinazotupotezea muda. Kwanza, bakodi. Namba inayoanza na 620 haimaanishi bidhaa imekaguliwa wala kwamba imetengenezwa Tanzania. Inaonesha tu msimbo ulisajiliwa kupitia ofisi ya hapa. Alama ya ubora ni kitu kingine. Pili, "feki". Bidhaa iliyoigizwa jina la mwingine ni suala la Tume ya Ushindani. Bidhaa yenye jina lake halali lakini haikidhi kiwango ni suala letu. Bidhaa inaweza kuwa vyote viwili, na hapo tunawasiliana sisi kwa sisi. Wewe lete popote.

Ukileta, njoo na bidhaa yenyewe bila kuiosha, kifungashio chake, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na namba ya toleo (batch) kama ipo. Tutajaza fomu, utasaini. Afisa atakwenda dukani na kuchukua sampuli mbele ya mwenye duka. Itafungwa kwa lakiri na wote wawili watasaini. Maabara itapima. Matokeo hatuyatoi kwa simu, na hatutaji jina la duka kabla hayajatoka, kwa hiyo msituombe. Bidhaa ikishindwa, inaondolewa sokoni. Sheria ya Viwango, Sura ya 130, inaruhusu faini, kifungo au vyote kwa mkosaji, na mzigo ukiteketezwa gharama ni za mwenye mzigo. Usiichome mwenyewe nyumbani kwa hasira. Utakuwa umechoma ushahidi.

Yule mama hakuwa na risiti. Alikumbuka duka liko Mtaa wa Kongo, ghorofa ya pili, karibu na ngazi, maelezo ambayo pale yanatosheleza maduka mengi sana. Tukamwomba akatafute tena nyumbani. Alirudi baada ya wiki, safari hii na mumewe. Risiti waliikuta walipofungua kile chandarua kukitundika. Ilikuwa imekunjwa humo humo kwenye mfuko.